Mume wangu anajaza toroli, mimi najaza pipa la taka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, mimi nahudumia wazee zamu ya usiku. Kwetu ni Morogoro. Huko mama yangu ananunua dawa za presha kwa pesa tunayomtumia, na mdogo wangu wa mwisho yuko chuoni, ada yake inatoka kwetu. Nakueleza haya ili uelewe kwamba dola 50 zikipotea hapa, kuna mtu Morogoro anazikosa.

Ugomvi wetu ni Costco, lile duka kubwa la bei ya jumla ambalo unaingia kwa kadi ya uanachama. Mara moja kwa mwezi, mume wangu akirudi safari, Jumamosi asubuhi anapakia watoto kwenye gari, moja kwa moja mpaka pale. Anapapenda kweli. Anatoka na toroli limefurika na risiti haipungui dola 400. Kwake yeye kila kilichomo mle ni nafuu kwa kuwa ni bei ya jumla, kwa hiyo kukiacha ni hasara. Analeta mfuko mkubwa wa spinachi, maparachichi, mikate miwili miwili, stroberi, mtindi, siriali, pilipili manga ya chupa kubwa kama ya hotelini, na pakiti ya nyama ya kusaga ambayo siwezi kuimaliza kwa wiki nzima. Jumatatu anaondoka. Mimi narudi asubuhi kutoka kazini nimechoka, napika kile kinachopikika haraka. Kufika Alhamisi spinachi imelowa na kunuka mfukoni, maparachichi yameiva yote kwa pamoja, mkate wa pili umeota ukungu. Anayevitupa ni mimi, kwa sababu yeye wakati huo yuko Georgia au Texas, havioni.

Nikimwambia, ananijibu: "Kwani Kroger ungenunua kwa bei gani?" Kroger ni supamaketi ya kawaida ya hapa karibu. Nikienda kuangalia, kweli bei iko juu. Sina la kujibu.

Sasa ameipandisha kadi yetu ya uanachama wa Costco. Tulikuwa na ile ya dola 65 kwa mwaka, tumeingia ya dola 130, kwa sababu inarudisha asilimia 2 ya manunuzi. Mara ya mwisho tulirushiana maneno kwenye foleni ya kulipa, watoto wanatutazama. Mimi natoa vitu kwenye toroli, yeye anavirudisha. Akaniambia eti mimi sijui njaa. Shangazi, iliniuma, maana anajua nilikokulia.

Naomba unisaidie kujua ni vyakula gani vina maana kununua pale na vipi tuviache. Je, hiyo kadi ya dola 130 tubaki nayo? Pia wifi yangu anaishi karibu na anataka tumwazime kadi awe anakwenda nayo, sijui kama inaruhusiwa. Na la mwisho, mume wangu ameona unga mweupe wa mahindi wa mfuko mkubwa kwenye duka la Wamexico akaununua, lakini ugali wake unatoka wa ajabu, unanata na una harufu nyingine kabisa. Tufanyeje?

Mama wa Watatu, Columbus, Ohio

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na hesabu, maana hapo ndipo mnapopishana, na kila mmoja wenu ameshika nusu ya ukweli.

Mume wako hajakosea kuhusu bei ya rafuni. Costco hawaishi kwa faida ya bidhaa kama duka la kawaida. Wamejiwekea kikomo: bidhaa za kampuni nyingine wanaziongezea takriban asilimia 14 tu juu ya bei waliyonunulia, na zile za chapa yao, Kirkland Signature, takriban asilimia 15. Sehemu kubwa ya faida yao inatoka kwenye ada za uanachama mnazolipa kila mwaka. Tena wanauza aina za bidhaa zisizofika 4,000, wakati supamaketi ya kawaida ina makumi ya maelfu, kwa hiyo wanaagiza shehena kubwa ya kitu kimoja na kukipata kwa bei ya chini. Biashara ya namna hii ilianzishwa na Sol Price, San Diego, mwaka 1976, kwa jina la Price Club. Costco wakafungua ghala lao la kwanza Seattle mwaka 1983, na kampuni hizo mbili zikaungana mwaka 1993. Kwa hiyo akikuambia paundi moja ya chakula, yaani karibu nusu kilo, pale ni nafuu kuliko kwingine, mara nyingi ni kweli. Usibishane naye hapo.

Anapokosea ni kwamba bei ya rafuni ni ya chakula kilichonunuliwa, na nyinyi mnashiba kwa kile kilicholiwa. Tuseme mfuko mkubwa wa spinachi ni dola 5, na wa nusu yake Kroger ni dola 3. Kwa karatasi, Costco umeokoa dola moja. Lakini umekula nusu, nusu nyingine imeingia kwenye pipa. Umelipa dola 5 kwa mboga ambayo Kroger ungeipata kwa dola 3. Akikuuliza tena ungenunua Kroger kwa bei gani, jibu lako ni hilo. Mjibu kwa upole, karatasi na kalamu vikiwa mezani.

Na usijione kwamba ni nyumba yako peke yake. Wizara ya Kilimo ya Marekani yenyewe inakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 40 ya chakula cha nchi hii hakiliwi, kinapotea. Nchi nzima inanunua kuliko inavyokula.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya kila rafu ni moja: je, kwa jinsi tunavyopika sisi, kitakwisha kabla hakijaharibika, bila kulazimishana? Hilo la kulazimishana nalisisitiza. Mtindi ambao watoto wanalishwa asubuhi na jioni ili uishe si akiba, ni adhabu.

Tuanze na mchele, maana huo hauna ubishi. Gunia la paundi 25 ni kama kilo 11. Nyumba ya watu watano inayopika wali mara nne kwa wiki, vikombe vitatu kila mara, inalimaliza kwa mwezi mmoja na siku chache. Na mchele mweupe hauna haraka: ukikaa pakavu kwenye chombo kinachofunga vizuri, unadumu miaka. Mchele wa kahawia ni tofauti, una mafuta kwenye ganda lake na miezi sita tu unaanza kuharibika ladha, huo nunua kidogo. Kama unaogopa fukusi, gawa gunia kwenye mifuko na upitishe kila mfuko kwenye friza siku nne kabla ya kuumimina kwenye ndoo. Mayai ya wadudu yanakufa humo. Unga wa ngano wa chapati na maandazi fanya vivyo hivyo. Sukari na chumvi hazina tatizo lolote mradi unyevu usiingie. Maharage makavu nayo yanadumu, ila yakikaa zaidi ya mwaka mmoja au miwili yanakuwa magumu kuiva, na nyumba yenye mama anayerudi asubuhi kutoka zamu haihitaji maharage ya kuchemshwa kwa muda wa saa nne.

Mafuta ya kupikia yana maana kununua pale, lakini chagua chupa mbili za wastani, uache lile dumu kubwa la mgahawa. Mafuta yanaharibiwa na hewa, mwanga na joto. Ukifungua dumu kubwa na kuliweka karibu na jiko, kabla hujafika nusu yameanza kunuka. Chupa ya pili ikikaa imefungwa kabatini gizani inakusubiri bila shida.

Sasa nyama. Hapa ndipo nyumba yako inaweza kuokoa pesa nyingi kuliko mahali pengine pote, na hapa ndipo mnapopoteza nyingi zaidi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Nyama ya kusaga mbichi na kuku mbichi kwenye friji wanakaa siku moja hadi mbili tu. Siku mbili, mwanangu, siyo wiki. Nyama ya ng'ombe ya vipande inafika siku tatu hadi tano. Pakiti ile ikiingia kwenye friji Jumamosi kama ilivyotoka dukani, Jumatatu muda wake umeshakwisha na mume wako ndiyo kwanza anawasha lori. Lakini ikigandishwa siku ileile, kwenye baridi la nyuzi 18 chini ya sifuri, haitadhuru mtu hata ikikaa sana. Kinachoshuka ni ladha: nyama ya kusaga ni nzuri kwa miezi mitatu hadi minne, vipande vya kuku kama miezi tisa, kuku mzima hata mwaka.

Na kugandisha siyo kuitumbukiza pakiti nzima. Ukifanya hivyo, siku ya kupika utakuwa na jiwe la paundi sita na njaa ya watoto watatu. Fanya hivi: tandika mezani, pima nyama ya kusaga paundi moja moja, kiasi cha mboga ya siku moja. Tia kila paundi kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, iponde kwa kiganja mpaka iwe bapa kama daftari, toa hewa yote, andika tarehe kwa kalamu ya wino, kisha ilaze kwenye friza. Ikiwa bapa hivyo inaganda haraka, inapangika vizuri, na ukiiweka kwenye beseni la maji baridi ikiwa ndani ya mfuko wake, inayeyuka muda ambao unamenya vitunguu. Badilisha maji kila baada ya nusu saa kama bado. Usiiache kaunta tangu asubuhi iyeyuke yenyewe, hiyo ni hatari. Mapaja na vidari vya kuku pale mara nyingi vinakuja kwenye vifuko vilivyofungwa kimoja kimoja, hivyo vinakurahisishia: unakata kifuko kimoja, vingine vinarudi kwenye friza bila kuguswa.

Kazi hii ya kufungasha ni ya mume wako. Nasema kwa moyo mmoja. Anayenunua paundi sita za nyama Jumamosi asubuhi ndiye anayezifungasha Jumamosi mchana, kabla hajakaa. Watoto waandike tarehe. Nyama ambayo hajapata muda wa kuifungasha, asiinunue. Sheria hiyo peke yake itapunguza toroli kuliko maneno yako yote.

Kuna kuku wa kuokwa wa dola 4.99, yule wa moto aliyefungashwa tayari. Huyo mchukueni bila wasiwasi. Bei yake haijaguswa kwa miaka mingi kwa sababu wanamuuza kwa makusudi kwa bei ya chini ili watu waje, na mwaka 2019 kiwanda chao cha kuku kilianza kazi Fremont, Nebraska, ili wampate kwa gharama ndogo. Angalia alipowekwa: nyuma kabisa ya duka. Unapitia televisheni, viatu, keki na juisi kabla hujamfikia. Muendee yeye, rudi naye. Kwa mama wa zamu ya usiku huyo kuku ni msaada mkubwa: jioni ya kwanza mnamla na wali, usiku uleule unachambua nyama iliyobaki na kuiweka kwenye friji kwa siku tatu hadi nne, na mifupa unaichemsha na tangawizi na kitunguu upate supu ya kupikia pilau.

Kitunguu saumu kilichomenywa, ule mfuko wa paundi tatu, wengi wanauogopa na mimi nausifia. Siku ileile kisage na tangawizi, mimina kwenye trei za barafu, gandisha, kisha vipande vyake vihamishie kwenye mfuko. Kila sufuria unatupia kipande kimoja au viwili. Ila kisikae nje ya friza kikiwa kimelowekwa kwenye mafuta. Kitunguu saumu ndani ya mafuta kwenye joto la chumba kinaweza kuzaa sumu hatari, isiyo na harufu wala ladha.

Vitunguu maji na viazi vya mfuko wa paundi kumi vinunueni kama mnavimaliza ndani ya mwezi, na vikae mbalimbali, kwa sababu viazi vikiwa jirani na vitunguu vinawahi kuchipua.

Mboga za majani na matunda laini ndizo zinazokutoa machozi, na hapo mimi ningeacha karibu vyote. Spinachi kama lazima ije, siku ileile nusu yake itupie kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili, izamishe kwenye maji ya baridi, ikamue, itengeneze mafungu madogo na uyagandishe. Ikikutana na karanga na tui haitadai kwamba iliwahi kugandishwa. Kama hakuna mwenye muda huo Jumamosi, basi nunua fungu la kawaida Aldi au Kroger katikati ya wiki, ulipe bei yao, ule yote. Maparachichi yakianza kulainika yaingize kwenye friji, yatasubiri siku kadhaa zaidi. Stroberi nunueni zilizogandishwa, watoto watasagiwa kwenye mtindi na hazikuwekei miadi. Mkate wa pili uende kwenye friza siku ya kwanza, unatolewa vipande vya asubuhi hiyo tu. Siagi nayo inagandishwa vizuri, na korosho na karanga pia, maana mafuta yake huharibika zikiwa kabatini.

Mayai linganisheni kila mara. Bei yake hairuhusu mazoea: Machi 2025, wakati wa mafua ya ndege, wastani wa dazeni moja nchini ulipita dola 6, kisha ukashuka. Mayai kwenye friji yanadumu wiki tatu hadi tano, kwa hiyo trei kubwa kwa watu watano siyo tatizo.

Viungo vya kusaga viacheni. Pilipili manga ya chupa ile kubwa, kabla hujafika nusu imekuwa vumbi lisilo na ukali. Iliki, mdalasini, karafuu na bizari nzima nunua kidogo kidogo kwenye maduka ya Wahindi, usage mwenyewe. Siriali, biskuti, chipsi na juisi nazo zina hesabu yake: boksi likiwa kubwa, watoto wanachota zaidi, na mwisho wa wiki limekwisha kama lingekwisha dogo. Hapo hakuna kilichooza, lakini hakuna kilichookolewa. Na soda ina kodi, wakati chakula cha kupeleka nyumbani hapo Ohio hakina.

Jambo moja ambalo litakupunguzia kutupa: tarehe iliyochapishwa kwenye pakiti ya mchele, makaroni, kopo au siriali mara nyingi inasema ubora, haisemi sumu. Sheria ya nchi nzima inalazimisha tarehe kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga tu. Kopo lisilovimba wala kubonyea vibaya, lililopitisha tarehe kwa mwezi, halina sababu ya kwenda jalalani.

Nije kwa mume wako. Alichosema pale kwenye foleni hakikuwa haki, na akuombe radhi. Lakini mwanangu, tazama alichokuwa anakitetea. Mtu aliyekulia nyumba ambayo unga unanunuliwa kwa kibaba, jioni, baada ya pesa kupatikana, akiweza kufungua friza yake mwenyewe na kuikuta imejaa, moyo unatulia. Halafu wiki nzima anaendesha peke yake, anakula vituo vya mafuta, na toroli lile ni njia yake ya kusema kwamba hata asipokuwepo mmeshiba. Ukivitoa vitu mbele ya keshia, yeye anaona unavitoa vinywani mwa watoto wake. Usimwambie anafuja. Mwambie unachokiona wewe ambacho yeye hakioni.

Kwa mwezi mmoja bandika karatasi kwenye mlango wa friji. Kila unachotupa, andika jina na bei yake kutoka kwenye risiti, bila maoni yako. Usipige picha ukamtumia akiwa njiani, dereva hahitaji ugomvi kwenye simu. Akirudi na amelala vizuri, kaeni na ile karatasi mjumlishe pamoja. Jumla hiyo iandikeni kwa shilingi pia, muione inalipa dawa za mama za muda gani. Kisha mpe yeye madaraka kamili ya mchele, unga, mafuta, nyama, mayai, sabuni na mafuta ya gari. Wewe chukua mboga, matunda, mkate na mtindi, kwa maduka ya karibu. Na kabla ya kwenda, watoto wale nyumbani.

Kadi ya dola 130 ipigie hesabu hivi. Umeongeza dola 65. Ili asilimia 2 irudishe dola 65, lazima mtumie dola 3,250 kwa mwaka, yaani kama dola 271 kwa mwezi, na mafuta ya gari hayahesabiwi humo. Kwa dola 400 zenu za sasa kwa mwezi kadi inajilipa. Lakini mkiacha kununua vya kutupa, huenda mkashuka mpaka dola 220 kwa mwezi, na hapo asilimia 2 ni kama dola 53 kwa mwaka, haifikii nyongeza mliyolipa. Mkifika hapo, nendeni kaunta ya uanachama mrudi kwenye ya dola 65. Kampuni inakubali kurudisha ada kwa mwanachama asiyeridhika. Kisichofaa ni kuongeza manunuzi ili kuitosheleza kadi: kila dola 100 inawarudishia dola 2, na mfuko mmoja wa spinachi iliyooza umeshakula hizo dola 2 na zaidi.

Wifi yako msimwazime kadi. Ni ya mwenye jina na picha, na siku hizi inachanganuliwa mlangoni. Kila uanachama una kadi ya pili ya bure kwa mtu mzima mmoja wa anwani ileile, na hiyo ni yako wewe. Wifi yuko anwani nyingine. Lakini mwanachama anaruhusiwa kuingia na wageni wawili, ila anayelipa ni mwanachama. Kwa hiyo nendeni pamoja, na hapo mtapata faida ambayo kadi ya kuazima isingewapa: vile vitu vikubwa kupita kiasi kwa nyumba moja vinakuwa saizi ya nyumba mbili. Trei ya mayai, mfuko wa viazi, hata ile spinachi, vinagawanywa siku ileile kwa mizani ya jikoni, risiti ikiwa mezani, naye analipa fungu lake kabla hajaondoka. Asilipe mwisho wa mwezi. Deni dogo kati ya mawifi linakua haraka.

Na unga. Ule wa duka la Wamexico, kama ule wa Maseca, ni wa tortila: mahindi yake yamechemshwa na chokaa kwanza ndipo yakasagwa, ndiyo maana unanata na kunuka vile. Ule wa chapa ya PAN nao umepikwa tayari kabla ya kufungashwa. Ugali unataka mahindi meupe mabichi, yaliyosagwa laini. Soma viambato: ukiona chokaa, au pakiti ikisema umeshapikwa, urudishe rafuni. Nendeni kwenye maduka ya Waafrika ya Morse Road na Cleveland Avenue mwulize sembe, watakuonyesha. Chukueni mfuko wa paundi kumi, siyo zaidi, na mkipata dona uwekeni kwenye friza, kwa sababu kiini cha mahindi kimo ndani yake na mafuta yake yanaharibika mapema. Huo wa tortila uliobaki usiutupe. Uchanganye na unga wa ngano nusu kwa nusu, ukaangie samaki.

Shangazi